Siku Moja Guangzhou Ukiwa Peke Yako: Mwongozo wa Kutembea na Kukutana na Watu

Wengi wa watu wetu wanaofika Guangzhou huwa wamefuata mzigo. Hushuka uwanja wa ndege wa Baiyun, hulala hoteli iliyo karibu na maduka ya jumla, huhesabu katoni na kubishana bei, kisha hurudi Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi bila kuuona mji wenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye siku moja isiyo na mzigo, awe amebakiwa na siku hiyo baada ya shughuli zake au amekuja kutembea tu, ambaye hana mwenyeji na hajui Kichina.

Ratiba za watalii zinazosambaa humpa mgeni vivutio kumi kwa siku, na mtu akizifuata hulala akiwa na picha nyingi lakini hajazungumza na yeyote isipokuwa muuza tiketi. Naona ni afadhali kuchagua sehemu nne au tano ambazo desturi ya mji tayari inawaweka watu wasiojuana pamoja: meza ya chai ya asubuhi, sala ya Ijumaa, mchezo wa bustanini na mtaa wa wafanyabiashara. Katika sehemu hizo hulazimiki kuwa mcheshi, kwa kuwa mazungumzo huja yenyewe. Ukiweza kuchagua siku, chagua Ijumaa, na sababu yake itaonekana huko mbele. Saa zote zilizotajwa hapa zimehesabiwa kwa Kiswahili na ni za Guangzhou, ambako saa ziko mbele ya za Afrika Mashariki kwa saa tano.

Maandalizi ya usiku wa kuamkia siku hiyo

Jambo la kwanza ni simu. Google, WhatsApp, Facebook na Instagram zimefungwa kwenye intaneti ya China, kwa hiyo anayetegemea Wi-Fi ya hoteli hataweza hata kuwajulisha nyumbani kwamba amefika. Njia rahisi ni kutumia laini ya nyumbani iliyowashwa huduma ya kutumika nje ya nchi, au laini ya kidijitali ya wasafiri (eSIM) uliyonunua kabla ya kuondoka, kwa sababu data za laini za namna hiyo kwa kawaida hupitia nje ya China na mitandao hiyo hufunguka. Ramani ya kutumia ni Amap, kwani ramani ya Google, hata ukifanikiwa kuifungua, huweka barabara za China kando ya mahali zilipo kweli.

La pili ni malipo. Wauzaji wengi, hata mama anayeuza viazi vitamu vya kuchoma kando ya barabara, hupokea malipo kwa kuskani msimbo wa QR. Tangu 2023 imekuwa rahisi kwa mgeni kuunganisha kadi ya benki ya Visa au Mastercard na programu ya Alipay au WeChat, ila programu itataka picha ya pasipoti na wakati mwingine benki yako itazuia muamala wa kwanza, kwa hiyo fanya zoezi hilo ukiwa bado nyumbani, siku ambayo unaweza kuwapigia simu watu wa benki. Ndani ya Alipay utapata pia msimbo wa kupitia kwenye milango ya treni na huduma ya kuita teksi ya Didi. Hata hivyo, beba noti za yuan kumi na ishirini. Sheria inamtaka mfanyabiashara apokee fedha taslimu, lakini hakuna sheria inayomfanya awe na chenji.

La tatu ni pasipoti. Sheria ya China inamtaka mgeni aliyetimiza miaka 16 awe nayo mwilini muda wote, na katika mtaa wa Xiaobei, utakakofika jioni, polisi huziomba mara kwa mara. Nakala au picha kwenye simu haitoshi. Aliyefikia hoteli huwa ameandikishwa polisi na hoteli yenyewe, lakini anayelala kwa ndugu au rafiki anapaswa kwenda kujiandikisha ndani ya saa 24, na wengi hulisahau jambo hili.

Mengine ni madogo. Beba karatasi za chooni, kwani vyoo vya umma ni vingi na vya bure lakini karatasi mara nyingi hakuna. Beba mwavuli ikiwa ni kati ya Aprili na Septemba, miezi ya mvua na joto la kunata. Chukua kadi ya hoteli yenye anwani kwa maandishi ya Kichina. Na kama safari yako imeangukia wakati wa maonyesho makubwa ya biashara yaliyoanza 1957, ambayo hufanyika Aprili hadi mwanzoni mwa Mei na tena Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba, jiandae kulipia chumba bei ambayo si ya kawaida.

Saa moja na nusu asubuhi: meza ya chai

Panda treni ya chini ya ardhi, njia ya kwanza, ushuke kituo cha Changshou Lu katika wilaya ya Liwan. Nauli huanzia yuan 2, na mlangoni mkoba wako utapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege, hivyo usibebe kisu cha kumenyea matunda. Hapo jirani, kwenye barabara ya Dishifu, upo mgahawa wa Taotaoju ulioanzishwa 1880, na katika mitaa inayozunguka iko mingine midogo ya aina hiyo. Wazee wa Guangzhou hufika mapema, hufungua gazeti au simu, na hukaa saa mbili kwa birika moja la chai na sahani mbili tatu za vitafunwa vya mvuke.

Mtu aliye peke yake mara nyingi hukalishwa kwenye meza ya duara yenye watu wengine. Usikatae na usisubiri meza tupu. Kinachofuata kina utaratibu wake, na ukiufuata utaona nyuso za mezani zikilegea. Utaulizwa aina ya chai. Ukisema “pu’er” umejibu vizuri, maana ndiyo chai nyeusi nzito ambayo wenyeji huipenda pamoja na chakula chenye mafuta. Birika la kwanza la maji ya moto si la kunywa moja kwa moja: wenyeji humimina kwenye bakuli, huzungusha humo kikombe, kijiko na vijiti vya kulia, kisha humwaga maji kwenye beseni lililowekwa katikati ya meza. Jirani akikumiminia chai, gonga meza taratibu kwa ncha za vidole viwili, na hiyo ndiyo shukrani. Simulizi ya mjini inasema kwamba mfalme Qianlong, akisafiri kwa kujificha, alimmiminia mtumishi wake chai, na mtumishi, asiyeweza kupiga magoti bila kumfichua bwana wake, akavipigisha magoti vidole. Nawe mimina kwanza kwenye vikombe vya wenzako, chako kiwe cha mwisho. Chai ikiisha, acha kifuniko cha birika kikiwa kimekaa upande na mhudumu ataongeza maji bila kuitwa.

Kwa chakula, agiza sahani mbili tu. Maandazi ya uduvi yenye ngozi nyembamba inayoonyesha rangi ya ndani ni mwanzo mzuri, na miguu ya kuku iliyokaangwa kisha ikapikwa kwa mvuke haitamshangaza anayekula miguu ya kuku ya kukaanga jioni mitaani Dar es Salaam. Gharama ya chai hutozwa kwa kila kichwa na huonekana kwenye bili kama kitu cha pekee, si wizi.

Asiyekula nguruwe aelewe wazi kwamba meza hii si yake. Nyama ya nguruwe imo katika vitafunwa vingi, na hata visivyo na nyama, kama vile vikombe vya yai vya kuoka, mara nyingi hutiwa mafuta yake. Mbadala wake ni duka la tambi la Waislamu wa Kihui, ambalo utalitambua kwa kibao, mara nyingi cha kijani, chenye maandishi ya Kiarabu. Wenye maduka haya wengi wametoka mkoa wa mbali wa Qinghai. Mpishi hushika donge la unga, hulivuta kwa mikono miwili, hulikunja na kulivuta tena, nyuzi zikiongezeka maradufu kila mara hadi zinakuwa nyembamba kama uzi wa mkeka, kisha huzitupa kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Mwonyeshe kwa vidole unene unaoutaka. Hapo nako meza ni ya wote, na “salaam aleikum” hufungua mazungumzo haraka kuliko programu yoyote ya kutafsiri.

Saa tatu: Jumba la Ukoo wa Chen

Kituo kimoja mbele, Chenjiaci, ndicho kituo cha jumba la ukoo wa Chen, lililokamilika 1894 kwa michango ya watu wa jina hilo kutoka wilaya nyingi za Guangdong. Vijana wa ukoo waliokuja mjini kufanya mitihani ya serikali ya kifalme, au wazee waliofuata kesi na mambo ya kodi, walipata hapa pa kufikia. Anayetoka mji ambako watu wa kijiji kimoja huwa na chama chao cha kuzikana na kusaidiana atalielewa jumba hili bila maelezo marefu. Majengo ni 19 yaliyounganishwa kwa nyua, na kiingilio ni kidogo.

Usikimbilie ndani. Simama uani na uangalie juu, kwenye mgongo wa paa, ambako vimepangwa vinyago vya kauri vya majemadari, wanawake wa kasri na wanyama, kila mmoja na rangi yake, wakiigiza visa vya michezo ya jukwaani ya zamani. Saa moja inatosha.

Hapa ndipo huenda ukaombwa picha kwa mara ya kwanza. Watalii wa Kichina kutoka mikoa ya ndani, hasa kina mama wa makundi na watoto wa shule, huvutiwa na mgeni mweusi na hawaoni haya kusema. Wengine hupiga bila kuomba. Kanuni ninayoipendekeza ni kukubali anayeomba na kumwomba naye apigwe kwa simu yako, kwa kuwa hapo mnakuwa sawa na mara nyingi mazungumzo huanza. Anayepiga kwa kuiba mwinulie kiganja na ugeuke, bila ugomvi. Anayenyoosha mkono kugusa nywele unaweza kumzuia kwa tabasamu. Si kila mtazamo ni wa upendo, na si busara kumficha msomaji kwamba Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa mji huu walitolewa kwenye nyumba na hoteli zao, na baada ya hapo wengi waliondoka. Utakutana na udadisi mwingi zaidi ya uhasama, lakini dereva wa teksi anayepita bila kusimama yupo pia, na dawa yake ni Didi.

Saa sita mchana: Ijumaa kwa Sa’ad bin Abi Waqqas

Rudi kwenye njia ya kwanza hadi Gongyuanqian, ubadilishe uingie njia ya pili na ushuke Yuexiu Gongyuan. Ng’ambo ya barabara ya Jiefang Bei, pembeni ya bustani ya maua ya okidi, upo msikiti unaoitwa Xianxian, na ndani ya eneo lake lipo kaburi ambalo Waislamu wa China hulihusisha na sahaba Sa’ad bin Abi Waqqas. Wanahistoria hawaikubali simulizi hiyo, na vitabu vya Kiislamu vinaeleza kwamba alizikwa Madina. Hata hivyo watu wa mji hulizuru kwa heshima, na mgeni naye afanye adabu.

Kwa kuwa China nzima hutumia saa ya Beijing, adhuhuri ya Guangzhou huingia karibu saa sita na nusu. Fika mapema kidogo, kwani Ijumaa hujaa Wahui, Wauiguri, Waarabu, Wapakistani na Waafrika wa kila upande, na safu hufika hadi nje chini ya miti. Kina mama waulizie sehemu yao mlangoni. Asiye Mwislamu asiingie wakati wa sala, lakini asiondoke pia, kwa maana baada ya salamu ya mwisho watu hutawanyika kwenye vibanda vya vyakula vilivyo karibu na mlango: mishikaki ya kondoo, mikate ya duara, wali wenye karoti na nyama. Nunua mkate, simama karibu na wanaokula na usikilize. Siku nyingi Kiswahili kitasikika.

Anayeonekana kukuzidi umri mwamkie “shikamoo” kama ungefanya nyumbani. Mama mfanyabiashara wa Kariakoo akikujibu “marahaba mwanangu, umefuata mzigo?” mwambie ukweli kwamba umekuja kutembea, na atakayekushangaa ndiye huyohuyo atakayekueleza wapi pana chapati. Lakini mpaka uwe wazi: mtu usiyemjua, hata akiwa wa mtaa wenu, asikubebeshe kifurushi cha kumpelekea ndugu yake. China humhukumu mwenye dawa za kulevya hata kifo, na begi lililokutwa mkononi mwako linahesabiwa kuwa lako.

Saa tisa: bustani ya Yuexiu

Vuka barabara uingie bustanini, kiingilio hakuna. Kuna sanamu ya mbuzi watano, alama ya mji, na mnara mwekundu wa ghorofa tano wa Zhenhai uliojengwa kwanza 1380, ambamo sasa ni makumbusho. Ukivikosa vyote viwili hutakuwa umepoteza mengi, kwa kuwa kinachofaa zaidi hapa ni watu.

Jua likipungua makali, tafuta duara la watu wanaorusha kwa miguu kitu kidogo chenye manyoya marefu na visahani vya chini vinavyolia chap, chap. Mchezo huo huitwa jianzi. Wachezaji ni wa kila umri, na mara nyingi mwenye umri mkubwa ndiye hodari kuliko wote: hugeuka, huinua kisigino nyuma ya mgongo na kukirudisha bila kutazama. Aliyekua akipiga danadana uwanjani anajua nusu ya kazi. Simama hatua chache nje ya duara ukitazama, cheka panapochekesha, na baada ya dakika chache mtu atakurushia au atasogea kukupa nafasi. Ukikiangusha, okota wewe mwenyewe na umrushie aliye mbele yako. Ndiyo adabu pekee inayohitajika. Hakuna anayetegemea uongee.

Wanaocheza karata na sataranji ya Kichina huruhusu watazamaji, ila usishike kete. Kina mama wanaocheza ngoma za kikundi kwa spika hawamzuii anayejiunga safu ya nyuma. Baada ya mchezo ndipo simu hutolewa: mmoja wenu afungue programu ya kutafsiri, aandike, na mwenzake asome. Andika sentensi fupi zenye jambo moja, maana sentensi ndefu hutafsiriwa vibaya. Maswali utakayoulizwa ni unatoka wapi, umeoa au umeolewa, una watoto wangapi na unapata mshahara kiasi gani. Hayo ni maswali ya heshima huku, na la mshahara unaweza kulijibu kwa kicheko.

Wa kukwepa ni mmoja: kijana mchangamfu, mara nyingi wako wawili, mwenye Kiingereza kizuri, anayekufuata yeye mwenyewe barabarani na baada ya dakika tano anakualika kwenye nyumba ya chai au maonyesho ya picha. Bili yake huja kwa mamia ya yuan, kama si zaidi. Ukimpenda kweli, mwalike wewe, mahali utakapochagua wewe. Asiye na nia mbaya atakubali.

Saa kumi na moja jioni: Xiaobei

Kutoka bustanini unaweza kutembea hadi Xiaobei upande wa mashariki. Asubuhi mtaa huu hulala. Huamka alasiri na kuchangamka usiku. Jengo la Tianxiu kwenye barabara ya Huanshi Zhong limekuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiafrika kwa miaka mingi, na vichochoro vya Baohan vilivyo jirani vina migahawa ya halali, vinyozi, wafungaji wa mizigo na wauza vitenge. Waafrika wamepungua kuliko zamani, lakini Kiswahili, Kilingala na Kifaransa bado vinasikika kwenye ngazi moja. Kula hapa chakula cha jioni, kaa meza ya nje, na kama una swali la biashara hapa ndipo pa kuliuliza. Usibadilishe fedha kwa mtu wa njiani; mashine za benki zipo.

Saa moja na nusu usiku: mto

Njia ya tano hukutoa Xiaobei hadi Zhujiang Xincheng bila kubadilisha. Tembea kusini kupitia uwanja wa Huacheng, ukipita jumba la opera lililosanifiwa na Zaha Hadid, hadi uone mnara wa Canton wenye urefu wa mita 600 ng’ambo ya mto. Kupanda ni ghali na foleni ni ndefu; taa zake zinaonekana vizuri zaidi kutoka chini, bure, miongoni mwa familia zilizotoka kupunga upepo. Msafiri aliye peke yake, mwanamke pia, hutembea hapa bila wasiwasi mkubwa, ingawa tahadhari ya simu na mkoba ni ileile ya kila mahali.

Treni za mwisho huondoka karibu saa tano usiku, na baadhi ya vituo hufunga mapema kidogo, kwa hiyo anza kurudi saa nne. Ukichelewa, ita Didi, linganisha namba ya gari na iliyo kwenye simu kabla ya kufungua mlango, na uwe na tarakimu nne za mwisho za namba yako ya simu, kwani dereva huziuliza ili athibitishe abiria. Ukiwa njiani, fungua WeChat, ambayo pia ndiyo programu ya kutumiana ujumbe huku, na kwenye kila jina ulilopewa siku hiyo ongeza maelezo ya mlikokutana, “jianzi, bustanini” au “mama wa vitenge, Ijumaa”, kwa sababu wengi hutumia picha za maua na majina ya utani, na wiki ijayo hutajua ni nani anayekusalimu. Picha ulizoahidi zitume usiku huohuo.